Vibao Vikali vya Asego Blues, na Sauti Yangu Ndani

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Leo Mungu ameniletea mgeni. Kusema kweli alimletea Walter. Mimi nimemdaka njiani.

Ilikuwa hivi. Nimekaa mlangoni mwa duka langu la kaseti hapa Migori, sina mteja hata wa kuuliza saa. Ng'ambo ya barabara duka la Walter limejaa watu, spika zake zinapiga kelele za kunitukana mimi. Mara akatokea mzee mrefu, shati la kola ndefu za zamani, gitaa mgongoni. Akanisalimu vizuri, akaniuliza yule Walter fundi wa kurekodi anapatikana wapi.

Nikamtambua papo hapo. Mzee Fanuel! Fanuel wa Asego Blues! Bendi iliyokuwa ikipiga blues na rock katika mabaa ya Homa Bay wakati mimi nikivaa kaptura iliyotoboka nyuma. Nikainuka kwa heshima. Mdomo haukuwa na heshima. Mdomo ulisema Walter amehamia Musoma.

Walter alikuwa pale pale ng'ambo, ametupa mgongo, anafunga waya wa spika. Nikamkalisha mzee kwenye kiti kinachotazama ukuta.

Shida yake: bendi imetimiza miaka ishirini na mitano. Wanataka kaseti moja yenye vibao vyao vyote vikali, izinduliwe Jumamosi ya wiki ijayo katika ukumbi kule Homa Bay. Nyimbo kumi ni zile zinazojulikana na kila mtu, amezitoa kwenye santuri. Ya kumi na moja haijulikani na mtu. Inaitwa "Benta Nipe Maji." Aliiimba marehemu Nashon, mwimbaji wao, nyumbani kwake, ameketi kitandani, mgonjwa, muda mfupi kabla hajafa. Kaseti ni hiyo moja tu. Mjane wake, huyo Benta mwenyewe, hajaisikia tangu mazishi. Amesema akiwa peke yake hawezi. Ataisikia siku ya uzinduzi, katikati ya watu.

Mzee akanipa kaseti kwa mikono miwili. Akasema, omera, ndugu yangu, hili ni yai.

Nikamjibu hata kwangu ni yai.

Neno la Musoma limenisumbua kidogo moyoni. Nilipokunywa chai likatulia.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeisikiliza. Jamani! Gitaa la Fanuel linaanza chini, linanung'unika, halafu linapanda mpaka malaika ya mkono yanasimama. Sauti ya Nashon imekwaruza, ni mtu anayeumwa, lakini imeshika. Beti ya kwanza anamwomba Benta maji. Beti ya pili anaomba tena. Kisha anaacha gitaa liseme peke yake, refu, taratibu, hakuna anayetia neno.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nikazima redio haraka lisiniponyoke. Beti ya mwisho sikuifikia.

Lazima nieleze. Wajaluo wana desturi yao, wanaiita pakruok. Muziki ukikolea, mtu anasimamisha gitaa, anasimama mbele za watu, anajisifu au anasifiwa na mwimbaji. Anataja jina lake, baba yake, ng'ombe wake, mapenzi yake. Watu wanashangilia, gitaa linaendelea. Mtu wa maana lazima awe amesifiwa. Mimi ni Mkuria. Nimekaa kwao miaka mingi, nimeuza kaseti zao, nimekula samaki wao mpaka mifupa. Sijasifiwa hata siku moja. Walter amesifiwa kwenye nyimbo za bendi mbili. "Walter wuod Ndhiwa, mwenye redio isiyozimika!" Wuod kwao ni mwana wa. Kila asubuhi anapiga kipande hicho na spika anazielekeza kwangu. Nikinywa uji, Walter wuod Ndhiwa. Nikipiga mswaki, Walter wuod Ndhiwa.

Sasa gitaa hili la Nashon liko wazi. Linangoja mtu.

Nikitia sifa yangu pale, kwenye kaseti mama, kila nakala itakuwa nayo. Dunia itajua kwamba Nashon mwenyewe, akiwa kitandani, alinyamaza ili mimi Magige nijisifu. Fanuel mzee, atadhani amesahau. Nani wa kubisha? Aliyekuwepo mwingine ni marehemu.

Mpango mzuri sana. Nimejipongeza kwa soda.

Jumatano, 7 Agosti, asubuhi

Nyuma ya kaseti vile vijipembe viwili vya plastiki vimevunjwa. Fundi wa kaseti anajua maana yake: usirekodi juu yangu. Lakini fundi anajua pia kwamba ukiziba vishimo kwa karatasi, mashine inakubali. Sina gundi. Nimetumia ugali wa jana.

Phanice mke wangu ameniuliza kwa nini ninalisha kaseti ugali. Nikamwambia ni mambo ya ufundi. Akasema ufundi wangu anaujua, ndio uliounguza pasi yake.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Maneno machache tu. Jina, baba, Migori, basi.

Jumatano hiyo hiyo, alasiri

Nimekwisha.

Nimekwisha, nimekwisha, nimekwisha.

Ilianza vizuri. Gitaa likafika, nikabonyeza kitufe, nikasema mimi ni Magige, Magige wuod Kuria, dume la Migori. Loo! Raha gani ile! Kifua kikapanuka. Nikaona nikiacha hapo nitakuwa nimejinyima. Nikataja mbuzi wangu. Nikataja mabati yangu. Nikamtaja mjomba aliyepigana na chui, na hata kama chui alikuwa ameshakufa, alipigana naye. Nikamtaja jirani mmoja mwenye spika kubwa na masikio madogo. Nikamsifu mke wangu kwa unyamavu wake.

Ndipo mke wangu mnyamavu akapiga ukelele kutoka uani, Baba Wesley! Baba Wesley! Mbuzi amekula chupi yako ya kanisani!

Nikashtuka, nikazima. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza.

Beti ya mwisho haipo. Kuna mimi, kuna mbuzi, kuna chupi, kisha gitaa kidogo la kumalizia, kisha kimya. Nimeirudia mara nyingi kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko ule ule. Nashon ametoweka. Na mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia alisema nini.

Nimekaa sakafuni. Naona aibu mbele ya redio yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeamka na mawazo mapya. Aibu ni ya mtu asiye na akili.

Nitaimba beti hiyo mimi. Sauti ya kukwaruza si kazi, nimekohoa asubuhi nzima kuitafuta. Nimejaribu kwenye kaseti nyingine, kichwa ndani ya sufuria ili itoke ya zamani. "Bentaaa, nipe majiii."

Phanice amekuja mbio kuuliza ni mbuzi gani anazaa.

Nikamweleza ukweli nusu: kaseti ya mzee imepata hitilafu. Alinitazama vile anavyotazama maziwa yaliyoganda. Kisha akasema maji yakimwagika hayazoleki, nenda ukamwambie mzee wa watu leo leo, kabla hajagundua mwenyewe. Nikasema nitaenda. Akasema leo. Nikasema leo nina kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na kuogopa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeenda Ndhiwa kwa Onsongo, mpiga ngoma wa Asego Blues tangu mwanzo. Nimefikiri huenda ana nakala asiyoijua Fanuel, au walau anayakumbuka maneno. Nikimpata yeye, nimepona.

Onsongo ana jicho la tai na sikio la jiwe. Miaka yote ameketi kando ya spika. Nikamuuliza beti ya mwisho ya "Benta Nipe Maji" inasemaje. Akasema ndiyo, mahindi mwaka huu si mabaya. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mwishowe akaelewa. Akasema yeye, kwa miaka ishirini na mitano, hajawahi kusikiliza maneno ya wimbo wowote. Anamtazama Fanuel bega. Bega likishuka, anapiga.

Akaongeza kwamba Nashon aliimba wimbo ule wakiwa wanne tu chumbani: Nashon, Fanuel, yeye, na Benta, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika redio kaseti mapajani ili isitikisike. Alipomaliza, Benta alitoka nje, hakurudi mpaka jioni. Ina maana yalikuwa maneno mazito, akasema Onsongo, lakini bega la Fanuel halikuyaeleza.

Amenipa mkungu wa ndizi. Amenishukuru kwa kuwatunzia kazi yao. Nimeubeba mkungu huo mpaka stendi huku uso unaniwaka moto.

Jumatano, 14 Agosti

Mzee Fanuel amekuja. Bila taarifa!

Amekuja na karatasi za ganda la kaseti, picha yao ya zamani, suruali pana, nywele kubwa, Nashon katikati anacheka. Ameniambia Benta amejishonea nguo mpya kwa ajili ya Jumamosi. Fundi wa nguo huyo mama, kila siku anawashonea wengine, yeye mwenyewe hajavaa kipya tangu msiba. Anauliza kila asubuhi siku ngapi zimebaki.

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa niliufungua. Kilichotoka ni kwamba nimeongeza besi.

Akanipigapiga bega. Akasema alijua Mungu hakumleta dukani kwangu bure.

Basi wakati huo huo Walter akavuka barabara. Alikuwa amemwona mzee, na nani hataki kumsalimu Fanuel? Akaingia na mkono mbele, akajitambulisha, mimi ni Walter wa hapo ng'ambo, karibu Migori mzee wetu. Fanuel akashangaa. Akamuuliza, ala, si ulihamia Musoma?

Nilitamani sakafu ipasuke. Ni saruji, haipasuki.

Walter akanitazama. Akamtazama mzee. Akatazama kaseti mezani. Kisha akasema ndiyo, alikwenda Musoma, amerudi tu juzi, huko samaki ni wengi lakini wateja hakuna. Akaaga, akavuka barabara, akaenda zake.

Hakunisema! Angeweza kunimaliza pale pale. Jioni hakuelekeza spika kwangu hata kidogo. Ananidhalilisha kwa makusudi, mtu mbaya sana yule. Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepata suluhisho. Sijui kwa nini nilihangaika.

Kwenye nakala zote wimbo wa Nashon utakwisha pale kwenye gitaa. Nimeishusha sauti polepole, polepole, mpaka kimya. Kama redioni. Watu watafikiri wimbo ndio ulivyo, wa beti mbili. Benta atafikiri kumbukumbu yake ina kasoro, mjane huchanganyikiwa. Fanuel ni mzee. Onsongo hasikii.

Kaseti mama nitasema nimeiacha Migori, kwenye sanduku la chuma, kwa usalama. Kwa kweli nitakuwa nayo mfukoni mwa koti. Nyumbani siwezi kuiacha, Phanice anapekua.

Nimeyasoma haya niliyoandika. Lile la mjane nimelifuta, kisha nikaliandika tena kwa sababu ndivyo nilivyofikiri. Sijipendi leo.

Jumamosi, 17 Agosti

Siwezi kuandika.

Naandika.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wazee na suti za zamani, akina mama na vitambaa, vijana waliokuja kucheka nywele za baba zao wakaishia kucheza. Asego Blues walipanda jukwaani, Fanuel akaanza, bega likashuka, Onsongo akapiga. Salaale! Wazee wale wakapiga rock mpaka vioo vikatetemeka. Mzee mmoja alitupa mkongojo. Nikasahau shida zangu kabisa. Phanice kando yangu, gauni la bluu, akanishika mkono akasema Baba Wesley, leo umefanya jambo la heshima. Aliamini nilikwenda kumwambia mzee. Nilimwambia nilikwenda.

Kisha Fanuel akanyamazisha watu. Akasema sasa tutamsikia Nashon. Mbele kabisa alikuwa ameketi Benta, mama mwembamba, nguo ya zambarau mpya kabisa, kitambaa mkononi tayari. Nikainuka na nakala yangu. Fanuel akasema hapana, omera, si nakala. Tuwekee ile yenyewe aliyoishika mke wake mapajani.

Nikasema nimeiacha Migori kwenye sanduku la chuma.

Phanice, kwa moyo mweupe, mbele ya ukumbi mzima, akasema hapana Baba Wesley, umesahau, iko kwenye koti lako, mfuko wa ndani, nimeiona asubuhi. Akaitoa mwenyewe. Akaipeleka mwenyewe. Watu wakampigia makofi.

Nikaomba stima ipotee. Stima ya Homa Bay, ambayo hupotea mtu akipiga chafya! Leo imesimama imara kama askari.

Nashon akaimba. Beti ya kwanza. Beti ya pili. Benta amefumba macho. Gitaa likaanza kusema peke yake.

Kisha mimi.

Mwanzoni walishangilia. Walidhani ni pakruok ya kweli, mtu alikuwepo siku ile, wakapiga vigelegele, wuod Kuria, haya sema! Nikasema. Nikataja mbuzi. Nikataja mabati. Kicheko kikaanza kupungua kwa wazee, kikaongezeka kwa vijana. Chui. Masikio madogo ya Walter, na Walter mwenyewe alikuwa pale mlangoni, alilipa kiingilio kama watu. Unyamavu wa mke wangu. Halafu sauti ya Phanice ikajaza ukumbi kutoka spika zote, Baba Wesley! Baba Wesley! Mbuzi amekula chupi yako ya kanisani!

Ukumbi ulianguka. Watu waliangua kicheko mpaka machozi. Phanice aliinuka akapita katikati yao, kichwa juu, akatoka.

Benta hakucheka. Alifumbua macho akangoja. Gitaa la kumalizia likapiga, kaseti ikanyamaza, na yeye bado anangoja, shingo mbele. Akamgeukia Fanuel akamuuliza jambo. Fanuel akatikisa kichwa. Ndipo akakikunja kile kitambaa, mara moja, mara mbili, akakirudisha kwenye mkoba kikiwa kikavu.

Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Kicheko ningekivumilia.

Jumapili, 18 Agosti

Sikwenda kanisani. Sababu mojawapo inajulikana Homa Bay nzima.

Phanice ananipa chakula bila neno. Fanuel jana hakunipiga, ingawa nilijiweka karibu ili anipige. Aliniuliza swali moja tu: Jumatano nilipokuja kwako, kwa nini hukuniambia? Nikasema besi. Sijui kwa nini nilisema besi.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimepata jina la sifa hatimaye. Sokoni wananiita Chupi ya Kanisani. Mwuza nyanya, mshona viatu, watu wa baiskeli za boda. Chupi ya Kanisani, habari za asubuhi!

Walter ndiye anayetoa kaseti sasa. Vibao kumi. Wimbo wa Nashon haumo. Mteja wangu wa pekee leo aliniuliza kama ninayo ile yenye mbuzi. Kwa sekunde moja nilifikiri bei. Nikajichukia, nikafunga duka.

Phanice amesema neno la kwanza tangu Jumamosi. Amesema kwa mjane nitakwenda, na sitakwenda mkono mtupu.

Jumatano, 21 Agosti

Nimekwenda Homa Bay kwa Benta. Nimebeba kuku ndani ya kikapu.

Nilimkuta kwenye cherehani, kanda ya kupimia shingoni. Nilipiga hodi nikiwa nimeshika kofia. Nikatarajia anifukuze. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema ingia, wuod Kuria, dume la Migori. Nikaketi. Nilikuwa nimetunga hotuba. Imenipotea yote. Nikasema mama, nimekuibia. Nikasema nimeifuta sauti ya mume wako ili nijisifu, na nilijua, na siku kumi nikanyamaza, na ningenyamaza hata leo kama mke wangu asingeitoa kaseti mfukoni. Sijawahi kusema maneno mengi ya kweli mfululizo hivyo.

Benta akasukuma cherehani pembeni. Akasema Nashon hakuwahi kumaliza wimbo hata mmoja mbele ya watu maishani mwake. Kila baa walipopiga kulikuwa na mlevi wa kumkatiza ajisifu. Alikuwa akirudi nyumbani analalamika, Benta, leo tena beti ya mwisho wamenila. Yawa! Hata amekufa, akasema, wamemkatiza. Akacheka. Halafu hakucheka.

Akasema beti ile anayo. Aliishika mapajani, ataisahau vipi? Aliogopa tu kuisikia kwa sauti ya mwenyewe, na sauti ya mwenyewe haitarudi, hilo nilijue. Nikasema nalijua. Akasema ataniimbia mara moja ili nijue nilichokifuta. Ni yangu ya kubeba. Si ya kaseti, si ya dukani, si ya mtu mwingine. Akanitaka niape. Nimeapa kwa marehemu mama yangu.

Akaimba. Sauti ndogo, ya mtu anayeimba akishona.

Ni kwamba Nashon anasema: miaka yote, Benta, nilipokuwa nafanya mazoezi, nilikuwa nakuita nipe maji. Ukaacha mboga motoni ukaja. Ukaacha mtoto ukaja. Uligomba, mtu gani huyu haishiwi kiu? Benta, sikuwa na kiu. Maji nilimwaga dirishani ukigeuka. Nilitaka upite tu karibu na gitaa.

Nimelia. Si kulia kwa kiume. Nimelia kwa makamasi, nikaita wololo, nikapiga goti langu kwa ngumi. Benta mwenyewe ndiye aliyenituliza. Akaniletea maji kwenye kikombe, akayatazama, akatabasamu, akanipa.

Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Nilimsimulia Phanice kwamba nimesamehewa. Ameniwekea nyama.

Alhamisi, 22 Agosti

Asubuhi Phanice alipokwenda kisimani nilitoa redio kaseti yangu ndogo.

Jana kwa Benta ilikuwa kikapuni, chini ya kuku. Niliiwasha kabla ya kupiga hodi. Sikuwa na nia mbaya. Nilifikiri tu kwamba mtu anayekwenda kwa mjane wa Nashon bila kaseti ni mpumbavu wa biashara. Na nilipoapa ilikuwa tayari inazunguka, kwa hiyo kiapo kilikuja kimechelewa. Nimelifikiria jambo hili kwa makini na naona niko sawa. Nilipokuwa nikilifikiria masikio yalikuwa yananiwaka, lakini ni joto la asubuhi.

Nimesikiliza. Hodi yangu inasikika. Hotuba yangu inasikika vizuri sana, nina sauti nzuri ya kutubu. Kisha Benta anaanza, na papo hapo kuku anaanza. Kisha mimi naanza. Wololo, wololo, makamasi, ngumi kwenye goti. Nimesogeza sikio mpaka limegusa spika. Kuna neno "dirishani." Mengine yote ni mimi.

Nimekaa kidogo na haya. Haya kubwa, sikatai. Phanice akijua atarudi kwao, na Benta nikimkumbuka na kikombe kile mkononi nataka kujificha uvunguni.

Lakini wimbo ule ni dhahabu, na Walter ana vibao kumi tu. Mimi ningekuwa na wa kumi na moja, na umeimbwa na Benta mwenyewe! Jumamosi narudi Homa Bay. Nitamwambia usiku sipati usingizi, moyo haujapona, naomba niusikie mara moja tena. Mama yule ana huruma, hatakataa. Safari hii sipeleki kuku, napeleka mahindi. Mahindi hayana mdomo.

Na mimi nitanyamaza kimya mpaka amalize. Mimi nikiamua kunyamaza, nanyamaza.